Boti za kwenda kuona nyangumi na pomboo kaskazini (Norway, Iceland, Uskoti): kabla hujalipia, uliza wanakula nini

Mpishi wa Tromsø (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Niko Tromsø, juu kabisa ya Norway, jikoni kwenye hoteli moja. Kila mwaka ikikaribia Oktoba simu yangu inajaa meseji. Shemeji anakuja, mtu wa Copenhagen anataka kupitia, kuna wenzetu wa Minnesota wanapanga likizo, na wote wana swali moja: boti ipi nzuri ya kwenda kuona nyangumi? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naweka hapa, wenye kujua zaidi waongezee.

Swali la boti mimi naliweka la pili. La kwanza ni hili: mwezi unaotaka kuja, nyangumi anakula nini, na chakula hicho kiko wapi? Nyangumi hawa hawakupanda kaskazini kutembea. Chukua nyangumi nundu. Anazaa kwenye maji ya joto, Karibi na Cape Verde, na huko anakaa miezi karibu bila kula. Akija huku ni tumbo tu. Ukijua chakula kilipo umeshajua nyangumi alipo. Usipojua, utauziwa tiketi ya kuangalia milima.

Mfano wa hapa kwetu. Wakati wa baridi, kuanzia mwanzoni mwa Novemba mpaka Januari, tunapata orka (wale wanaoitwa nyangumi wauaji) pamoja na nundu. Wanafuata heringi, samaki wa ukoo mmoja na sadini, ambao huingia kwenye fiyodi kwa mamilioni kupitisha baridi. Tatizo ni kwamba heringi hana makazi ya kudumu. Miaka ya 1990 walikuwa wanalala Tysfjord, kusini mbali na hapa, na boti zote zilikuwa huko. Wakahama. Miaka ya 2010 wakaja Kaldfjord, hapa nyuma ya mji, ikawa mtu unaendesha gari kando ya maji unaona mapezi meusi yanapasua bahari. Kuanzia kama 2017 wakasogea tena, sasa ni Skjervøy na Kvænangen, kaskazini mashariki mwa Tromsø. Lakini mtandaoni kurasa za zamani bado zipo, zinakwambia orka wako "dakika chache kutoka mjini". Leo boti inayotokea Tromsø inatembea kama saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Siku nzima imeisha, na saa za kuwaona wenyewe ni chache.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukija kwa ajili ya orka, panda basi au meli ya pwani uende ukalale Skjervøy, upande boti ya pale pale. Na ujue kwamba kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mchana unapata saa chache za mwanga wa samawati, basi. Anayetaka mwanga kidogo aje mapema Novemba.

Majira ya joto habari nyingine. Nenda Andenes, kisiwa cha Andøya. Pale sakafu ya bahari inakatika ghafla. Kuna korongo chini ya maji, Bleik, linashuka zaidi ya mita 1,000, na haliko mbali na pwani. Humo mna ngisi na samaki wa kina kirefu, na nyangumi spemaseti wanawafuata humo humo. Wote ni madume. Majike na watoto wanabaki bahari za joto, mpaka Bahari ya Hindi huko Mauritius wapo.

Nikwambieni jinsi wanavyotafutwa, maana ndicho kitu kilichonikamata mimi. Nahodha anasimamisha boti, anashusha kipaza sauti ndani ya maji, watu wanaambiwa wanyamaze. Unasikia tk, tk, tk, mfululizo. Ni nyangumi yuko chini gizani anapiga mlio ili mwangwi umwonyeshe ngisi alipo. Mlio ukikatika, nahodha anawasha injini, maana jamaa anapanda. Akitokea, pumzi yake hairuki wima, inalala mbele kuelekea kushoto, kwa sababu tundu la pua liko upande wa kushoto wa kichwa. Anapumua pale juu dakika kama kumi, ametulia kabisa. Halafu mgongo unapinda, mkia mzima unasimama hewani, kashazama. Hapo usimsubiri, anaweza kukaa chini dakika 40 na zaidi.

Karibuni.

Kiti cha Mbele

Nimekaa. Picha ziko wapi mkuu? Uzi wa nyangumi bila picha ni chai.

Mpishi wa Tromsø

Za Desemba ni nyeusi tupu, mkuu, labda nikuchoree. Na baridi inanyonya betri. Simu inaonyesha asilimia 60, ukiitoa mfukoni inazimika hapo hapo. Iweke ndani ya nguo karibu na mwili mpaka wakati wa kupiga.

Dada wa Akureyri

Mpishi umeeleza vizuri, ila shemeji yako mwambie aje huku Iceland, mwezi wa sita, akaone mchana usioisha. Asiishie Reykjavík. Boti za Reykjavík zipo mwaka mzima na si mbaya, zinaingia ghuba ya Faxaflói, ila aje kaskazini, Húsavík.

Kwa hoja yako ya chakula, Húsavík inaeleweka vizuri sana. Mji wenyewe mdogo, watu elfu mbili na ushee, uko kwenye ghuba ya Skjálfandi. Mito inaingia ghubani na rutuba yake, mikondo ya bahari inachanganyika pale, mwanga wa kiangazi ni saa 24, basi vijidudu vya baharini vinaumuka, samaki wadogo wanafuata, na nyangumi nyuma yao. Nundu ndio wa kutegemea. Minke, aina ya nyangumi wadogo, wapo. Pomboo wa huku wana pua fupi nyeupe na wanapenda kucheza mbele ya boti. Mwanzoni mwa kiangazi, ukiwa na bahati, anaingia nyangumi buluu, ambaye pumzi yake inapanda kama mita tisa. Huyo ukimwona hata mabaharia wanaacha kazi.

Safari za kuangalia nyangumi zilianza pale 1995, na baadhi ya boti ni zile zile za mbao za mwaloni walizokuwa wanavulia samaki, wakazikarabati. Injini inanguruma taratibu, sitaha ni pana, unaweza kuzunguka. Unapewa ovaroli nzito la kuvaa juu ya nguo zako, usione aibu, kila mtu anafanana na fundi wa jokofu. Wakati wa kurudi wanagawa chokoleti ya moto na mkate wa mdalasini. Watoto wangu hicho ndicho wanachokikumbuka.

Jambo ambalo hamna mtu aliniambia: pumzi ya nundu inanuka. Upepo ukiwa unatoka upande wake, ule ukungu unakuja usoni, ni shombo ya samaki aliyelala siku mbili juani. Aliyesimama pembeni yangu alifunga mdomo safari nzima.

Kabla au baada ya boti ingieni makumbusho ya nyangumi pale bandarini, yapo tangu 1997. Kuna mifupa ya nyangumi buluu mzima, urefu mita 25, aliyekwama pwani ya kaskazini 2010. Bora uanze huko, maana baharini unaona mgongo na mkia tu. Mifupa inakuonyesha kilichobaki chini ya maji.

Bakari Mbishi

Sasa hapo ndipo ninapowauliza nyie mabwana na mabibi wa ughaibuni. Mtu analipa laki mbili na kitu za Kitanzania, anavaa ovaroli, anatapika, aone mgongo na mkia. Hiyo hela mbuzi wawili.

Dada wa Akureyri

Kaka Bakari, bei umepatia, safari ya saa tatu ni zaidi ya krona 10,000 za huku. Mbuzi kula wewe. Ila makampuni mengi yana utaratibu kwamba msipoona kitu unapewa safari nyingine bure. Soma masharti kwanza: "kitu" kwao hata pomboo mmoja aliyepita mbali amehesabiwa, na wanakupa tiketi, si fedha. Kama unaondoka kesho yake tiketi hiyo ya kufungia maandazi.

Baba Nuru

Bakari, kuna ya bure. Mimi niko Aberdeen, Uskoti. Mdomoni mwa bandari kuna ngome ya zamani inaitwa Torry Battery. Unasimama pale juu na darubini, unawaona pomboo wakiwasubiri samaki kwenye mlango wa bandari, huku meli kubwa za mafuta zinapita pembeni yao. Hujalipa hata senti, na wala hujapanda boti.

Ukienda mbele zaidi, Moray Firth, kuna rasi inaitwa Chanonry Point, karibu na Fortrose. Pale bahari inabanwa na ncha mbili za nchi kavu. Maji yakianza kujaa, samoni wanasukumwa kupita kwenye huo mlango, na pomboo wanakaa pale pale wanawangoja. Angalia ratiba ya maji kupwa na kujaa, ufike maji yanapoanza kupanda. Wakati mwingine wako karibu kiasi unasikia pumzi zao. Hawa ni ndugu wa karibu wa pomboo tunaowajua pwani ya nyumbani, lakini wamejazia vibaya, wanafika karibu mita nne kwa sababu ya baridi, mafuta lazima.

Kwa hiyo Mpishi naunga mkono hoja yako ya chakula. Hata asiye na nauli ya boti, akijua samaki anapita saa ngapi, anamwona pomboo.

Mtoto wa Kizimkazi

Assalaam alaykum nyote. Mie niko huku Unguja kusini, na naona mnasifia tu. Niulize la maana. Hapa kwetu zamani pomboo walivuliwa wakafanywa chambo cha papa. Miaka ya 1990 ukaja utalii, wavuvi wakaona pomboo hai ana faida kuliko chambo, tukashukuru. Lakini njoo asubuhi uone. Wakitokea pomboo wanne, boti kumi zishawazingira, kila nahodha anataka mgeni wake aruke majini juu ya migongo yao. Wakizama wanafukuzwa, wakitokea wanafukuzwa. Watafiti wamekuja, wakasema wazi pomboo hawapumziki. Na hii ni ndani ya hifadhi ya Menai. Huko kwenu wanawafanyaje? Kuna askari baharini?

Mpishi wa Tromsø

Wa alaykum salaam, sheikh. Swali lako ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza kwenye uzi.

Askari wa kusimama kila fiyodi hakuna. Kuna sheria na kuna miiko ya makampuni yenyewe, na wapo wanaovunja. Pale Skjervøy kwenye wiki za msimu mkubwa nimeona boti ndogo za mpira zikimkata orka njia ili abiria wapate video, sawasawa na unayoyaeleza. Kulikuwa na malalamiko mpaka ya wavuvi, maana orka na nundu hukusanyika kwenye nyavu za heringi, watalii nao wanajazana hapo hapo. Sasa hairuhusiwi kuisogelea boti ya uvuvi ikiwa kazini.

Namna ya kumjua nahodha mzuri hiyo hapa. Anapunguza mwendo angali mbali. Anakaa pembeni, anakwenda sambamba na mnyama, mbele yake haji. Boti nyingine ikiwa imeshafika, anasubiri zamu. Na mnyama akigeuza kuondoka, anamwacha aondoke, hata kama abiria wa nyuma hawajapiga picha. Ukiona nahodha anashangiliwa na abiria kwa kufukuza, kampuni hiyo usiirudie, na uandike hivyo kwenye maoni. Kuna pia boti za siku hizi zenye mota za umeme, wakikaribia wanazima dizeli. Hizo ningelipia zaidi, kwanza kwa ajili ya mnyama anayetafuta chakula kwa kusikiliza, halafu kwa ajili ya pua yangu.

Mtoto wa Kizimkazi

Ahsante. Hiyo ya kusubiri zamu nitawasomea watu hapa ufukweni, ingawa najua jibu lao: "na mgeni wangu akikosa, utanilipa wewe?"

Kiti cha Mbele

Hapo kwenye hela ndipo penye shida yote. Mgeni akiambiwa mapema kwamba kukosa kupo, nahodha hana haja ya kufukuza.

Mwanawatamu

Sasa Mpishi, sisi Watamu tunao nundu, tena wengi, kuanzia Julai mpaka Septemba hivi. Wanaruka nje ya maji wazima wazima. Ni hao hao wa Norway wamekuja likizo?

Dada wa Akureyri

Hapana kaka. Wenu ni wa kusini, wanakula Antaktika halafu wanapanda kwenu kuzaa na kutafuta wachumba. Wetu ni wa Atlantiki ya kaskazini. Majira yao yamepishana: wetu wakiwa mezani wanakula, wenu wako kwenye harusi. Ndiyo maana wenu wanaruka sana na madume wanaimba, na huku utakachoona zaidi ni midomo wazi na ndege wakigombea makombo.

Na ukipiga picha ya mkia kwa chini, usiiache ikalala kwenye simu. Mabaka ya chini ya mkia hayafanani kwa nundu wawili. Kuna tovuti ya Happywhale, unapakia picha, wanailinganisha na nyingine, unaambiwa mnyama wako alishaonekana wapi na lini. Picha za Watamu nazo zinapokelewa.

Mwanawatamu

Hiyo naipeleka kwa mabaharia wetu leo leo. Shukran dadangu.

Bakari Mbishi

Swali langu la pili, na hili msilikwepe. Norway na Iceland si ndio wanaovua nyangumi mpaka leo? Asubuhi mnampigia picha, jioni mnamla?

Mpishi wa Tromsø

Silikwepi. Dunia ilikubaliana 1982 kusimamisha uvuvi wa biashara, ukaanza kutekelezwa 1986. Norway ilipinga, na 1993 ikarudi kuvua. Anayevuliwa ni minke. Mgao wa miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya 900 kwa mwaka, ila wanaovuliwa kweli ni wachache kuliko hapo, kwa sababu walaji wamepungua. Nyama ipo, inapikwa kama nyama nyekundu ya kawaida, nimeipika. Na ndiyo, wanaoiagiza wengi ni watalii waliotoka kwenye boti mchana huo huo! Wenyeji wa umri wangu hawana habari nayo. Mimi siwalaumu wavuvi wazee wa huku, ni maisha waliyokulia. Mtalii anayeagiza "kuonja tu" ndiye simwelewi.

Dada wa Akureyri

Kwa Iceland: walirudi kwenye uvuvi wa biashara 2006. Kampuni iliyobaki ilikuwa ikivua nyangumi wakubwa wa pezi (fin whale). 2023 waziri akasimamisha msimu mpaka mwisho wa Agosti baada ya ripoti kuonyesha wanyama wanachukua muda mrefu kufa; Septemba wakaruhusiwa, wakavua 24. 2024 hawakuvua. Hapa Akureyri suala hili linagawa meza ya chakula cha jioni, ila mabaharia wa Húsavík wengi utawakuta upande mmoja, na hauhitaji kuuliza upi.

Neema T.

Samahani kuingilia. Kuna kampuni nimeona wanauza kuogelea na orka, na mume wangu ameshapandisha mzuka. Ni salama? Si ndio wauaji hao?

Mpishi wa Tromsø

Dada Neema, orka wa porini hajaua mtu kwa kumbukumbu zilizopo. Wale wa Uhispania na Ureno tangu 2020 wanavunja sukani za mashua za matanga, lakini wetu kazi yao ni heringi. Wanalizungusha kundi zima la heringi mpaka linakuwa tufe karibu na uso wa maji, wanalitisha kwa matumbo yao meupe na mapovu, halafu wanalipiga kwa mkia. Heringi waliozimia ndio wanaliwa, mmoja mmoja. Nundu akifika anakula tufe lote kwa mdomo mmoja, na orka hawana la kusema.

Lakini mimi singeingia. Maji ni nyuzi 5 hivi, mwanga hafifu, dume la orka lina pezi la karibu mita mbili, na katikati kuna nyavu za wavuvi. Tena unakwenda kuvuruga mlo wa mtu. Mume wako mpeleke boti ya kawaida, akitaka maji ya baridi kuna sauna na bahari hapa mjini.

Neema T.

Nimemsomea. Amenuna. Na kuhusu kutapika? Mimi hata feri ya Kigamboni inanilewesha.

Baba Nuru

Kidonge meza mapema, saa moja kabla ya kuondoka; ukishaanza kulewa hakisaidii. Kula kitu kikavu, mkate au biskuti, usipande na tumbo tupu. Kaa katikati kuelekea nyuma ya boti, nje kwenye hewa, macho kwenye upeo wa bahari, na simu weka mfukoni. Anayejifungia chini akitazama video ndiye wa kwanza kutapika. Ukishindwa, tapika upande upepo unakokwenda. Hili lisikilize.

Neema T.

Nimelisikia. La mwisho kabisa: mama mkwe anakuja naye, miaka 71, magoti yanamsumbua. Orka wa Novemba au spemaseti wa kiangazi?

Mpishi wa Tromsø

Kiangazi, Andenes, boti kubwa yenye chumba cha ndani, choo na ngazi fupi. Boti ya mpira asiipande kabisa. Unakaa kama umepanda pikipiki na kila wimbi linapiga mgongo. Mama apewe nafasi ya kukaa karibu na mlango, nahodha akitangaza mkia atoke, atawahi, spemaseti hana haraka. Viza ya Schengen muombe mapema, kiangazi foleni ni ndefu. Na siku ya boti iwekeni mwanzoni mwa safari, isiwe ya mwisho, maana pale upepo ukikataa boti haitoki, na mtahitaji kesho na keshokutwa za kujaribu tena.